Miche ya Winfrida Chini ya Mkasi

Kijiwe chao kiko kibarazani kwa Alois, fundi cherehani wa Mji Mpya, na kahawa ya pale hainyweki bila ubishi. Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya fungu la miche ya maua, mizizi mitupu bila hata chembe ya udongo, aliyopewa Alois na masista kule Mgeta. Mbuzi wake alitafuna maua yote ya mkewe, Winfrida, na yeye, mjinga wa watu, akacheka. Winfrida akaenda zake kwa mama yake Mlali. Sasa alikuwa njiani kurudi kwa sharti moja tu: akute maua mapya chini ya dirisha na kwenye vyungu vya mlangoni. Nyumba ilikuwa imempwaya Alois bila mkewe, na hata mche mmoja alikuwa hajapanda.

— Usipande hivyohivyo, fundi, alisema mzee Lukasi, mkulima wa Mgeta ambaye wote walimwita Kabichi. — Majani haya ni kabichi kabisa! Na kabichi sisi tunaipunguza majani kabla ya kuihamisha, isinyauke. Lete mkasi.

Mkasi ulikuwa palepale mezani. Kacha, kacha.

— Aah, mmeharibu! Profesa akaweka kikombe chini. Aliwahi kupaka rangi kuta za chuo Mzumbe, na tangu hapo hakuna somo linalomshinda. — Juu mmepunguza, chini mmeacha midevu ya beberu. Kwenye chungu itaenea?

— Kwani imezidi? Alois aliuliza.

— Imezidi sana! Halafu mizizi ndiyo inayokumbuka kwao. Ukiiacha mirefu, mche utawaza baridi ya Mgeta mpaka ufe. Kata, uzoee joto la mjini.

Kacha.

— Sasa chini pafupi, Kabichi akalalamika. — Juu panaelemea. Punguza tena.

Hapo ndipo ufundi ulipomponza Alois. Kitu kisicho sawa yeye hakiachi hivihivi. Alikata juu, akapima kwa futi kamba, akakata chini, akapima tena, kama anayefupisha suruali ya mteja mkorofi.

— Umetisha, fundi! Profesa akasema. — Sasa imelingana.

Bodaboda ikasimama. Winfrida akashuka.

— Shikamoo, mzee Kabichi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Maua yako haya, tunamalizia.

Winfrida alichukua kijiti kimoja mezani. Akakigeuza, akakigeuza tena. Uso wake ulikuwa mpole, na Alois akapata matumaini.

— Alois, hapa chini ni upande upi?

Kabichi akachungulia kikombe chake. Profesa akachukua kijiti kingine, akakinusa ncha zote mbili. Alois akaitazama futi kamba, lakini ile inajua urefu tu.

— Tuilaze, shemeji, Profesa alisema hatimaye. — Ijiamulie yenyewe.

Winfrida akakirudisha kijiti mezani, taratibu.

— Bodaboda, usizime pikipiki.