Benchi la Tisa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja, mjane, aliyezikwa Alhamisi iliyopita. Watu walimwita Mama Pindo. Kwake hata tambara la kufutia meza lilikuwa na pindo.

Mama Pindo alikuwa na mtoto mmoja tu. Binti, karani wa ghala la saruji. Asubuhi moja lori lilirudi nyuma pale ghalani, na dereva hakuangalia. Hakuwa amelewa. Hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuangalia tu, na binti akafa.

Dereva alifungwa, akamaliza kifungo, akarudi. Na alikuwa akisali kanisa lilelile. Nasema tena, wasikilizaji: kanisa lilelile.

Kanisa lina safu tisa za mabenchi. Dereva alikaa la kwanza, ili asione nyuso za watu. Mama Pindo alikaa la tisa, karibu na mlango, ili atoke kabla ya kupeana mkono wa amani. Wote wawili walikaa peke yao. Kwa dereva watu waliona haya, kwa mama walikosa la kusema. Huo ndio upweke mbaya, wa kuachiwa nafasi kubwa katikati ya watu.

Mdogo wake Mama Pindo, ambaye ni muuguzi, aliacha kabisa kwenda kanisani. Alimwambia, "Dada, makanisa yamejaa tele. Kwa nini ujitie kidole jichoni kila Jumapili?"

Akamjibu, "Nikihama, nitakuwa nimemkimbia yule dereva au nimemkimbia Mungu? Sijui bado. Ngoja nikae."

Muuguzi anakumbuka kwamba mwaka wa kwanza dada yake aliomba Mungu amwondoe yule dereva. Dereva hakuondoka. Basi Jumapili moja Mama Pindo akahama yeye, benchi moja mbele. Moja tu. Baada ya ibada alitapika nyuma ya kanisa.

Ilimchukua miaka kumi na mmoja kufika mbele. Kuna mwaka alirudi nyuma mabenchi mawili, kwa sababu Jumapili moja iliangukia siku aliyozaliwa binti. Mchungaji alipotaka kumsifu mimbarini, alimkatalia. "Usinitolee mfano, mchungaji. Mimi naumia, sina ushujaa wowote."

Hatimaye akafika la kwanza. Dereva aliinamisha kichwa. Wakati wa amani ulipofika, Mama Pindo akaushika mkono wa dereva. Akautazama. Akasema, "Pindo la shati lako limefumuka. Lete Jumatatu."

Dereva akalileta. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, cherehani ikalia mpaka pindo likaisha.

Muuguzi alimuuliza, "Kwa hiyo sasa umemzoea?"

"Sijamzoea. Kila Jumapili naumia vilevile. Ila zamani nilimwomba Mungu anitoe katika maumivu hayo. Siku hizi namkuta humohumo."

Jumapili iliyopita, siku tatu baada ya mazishi, dereva alikaa benchi la kwanza. Peke yake tena. Wimbo wa pili ukiimbwa, mlango ukafunguliwa. Akaingia yule muuguzi, akakaa la tisa. Alitoka kabla ya mkono wa amani. Nilipomtafuta, aliniambia, "Usinisifu redioni. Nimekaa tu pale alipoanzia dada."

Sikusifu, dada yangu. Nakupa pole, wewe na ukoo wote. Nawe dereva, kama umefungua redio, pole sana. Umefiwa pia.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, tulioacha nafasi kubwa kando ya Mama Pindo na dereva kwa miaka kumi na mmoja, tujiulize tulikuwa tunaogopa nini.

Mbele ya muuguzi kuna mabenchi manane. Tumwombee, bila kumharakisha.