Ndoo, Rubani wa Ndege ya Kuzimia Moto

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba fundi wa pampu za maji. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Ndoo. Jina hilo lina kisa chake, tutafika.

Alimaliza sekondari mwaka 1981. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho; walimu walilalamika tu kwamba macho yake hayatoki dirishani. Alisomea urubani, kisha kwa miaka kumi na mmoja alinyunyizia mashamba dawa kutoka angani.

Mwaka 1997 alikabidhiwa ndege ya kuzimia moto: injini moja, kiti kimoja, tangi la lita elfu tatu. Mji mzima ulikuwa na hiyo moja tu, na rubani huyo mmoja. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, alikuwa fundi na mjazaji maji. Tangi likijaa, alipiga ubavu wa ndege makofi mawili, na marehemu akaondoka. Kwa jambo moja kaka alikuwa mkali: ikifika jioni, tangi limwagwe.

"Ndege hailali na maji tumboni," alisema. "Utaniulia matairi."

Oktoba mwaka huo, safari yake ya kwanza, alikosea upepo. Moto ulibaki vilevile. Maji yaliangukia kamba ya nguo za mwalimu mmoja wa kike. Mwalimu alimfuata hadi uwanjani na beseni lake.

"Kijana, wewe ni rubani au ndoo?"

Marehemu alizifua nguo zote upya kwa mkono wake. Tarehe 5 Juni 1999 wakafunga ndoa. Shemeji anasema mpaka leo zile nguo hazijatakata.

Februari 2023 kikohozi chake kiligundulika kuwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alimvuta mdogo wake pembeni, akamwambia kaka hatarusha ndege tena. Neno hilo mdogo wake hakumfikishia kaka.

Tarehe 27 Agosti mwaka huo huo moto ulishika kilima kilicho juu ya mji. Tuliomba rubani huku na huku, hakupatikana. Marehemu aliuona moshi kutoka kitandani wodini, na kila asubuhi aliuliza:

"Limejaa?"

"Limejaa, kaka. Linakusubiri wewe tu."

Hilo halikuwa uongo. Fundi alilijaza siku ya kwanza na hakuthubutu kulimwaga, maana kulimwaga kungekuwa kukubali maneno ya daktari. Siku kumi na tatu ndege ilisimama na maji tumboni, matairi yakabonyea. Kilima kiliungua chote, pamoja na nyumba kumi na tisa, ikiwemo aliyozaliwa marehemu.

Alifariki tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake lilikuwa swali lile lile.

Jana fundi alipanda kwenye kile kiti kimoja, akavuta mpini wa kumwagia maji. Lita elfu tatu zilimwagika kwenye lami, ndege ikiwa palepale, na moshi unaonekana. Kabla ya saa sita jua lilikuwa limezikausha.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mdogo wake. Moto umevuka kilima na bado unawaka, na hakuna wa kwenda.

Pumzika kwa amani, kaka. Tangi nimelimwaga.