Orodha ya Katibu

Mshona mapazia hakukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya basi walikaa seremala na mama wa keki, ambao ndiyo kwanza wamegundua kuwa wako kundi moja la simu, lile la mafundi na wachuuzi wanaopeana wateja.

"Na wewe unaipata ile orodha?" mama wa keki aliuliza.

"Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili. Nani aende kwa mteja gani. Vilevile kama katibu wetu alipokuwa hai."

"Aliipanga mapema, baba. Siku hizi simu inatuma yenyewe, mwenyewe amelala."

"Huyu hajalala, mama. Jeneza nimelichonga mimi." Seremala akashusha sauti. "Ana mwezi kaburini. Fundi rangi kaingizwa kundini juzi. Mbona leo kapangiwa kazi?"

"Basi kuna mtu ana simu yake."

"Iko kabatini kwa mumewe, haiwaki."

"Si tumtoe tu kundini!"

"Nani amtoe? Kuingiza na kutoa watu alijiachia yeye peke yake."

Mshona mapazia akageukia dirishani kuficha kicheko. Watu wazima na akili zao! Yeye wateja wake wako kwenye daftari, hana kundi, na katibu huyo hakuwahi hata kumwona.

Basi likasimama. Simu yake ikatetemeka mkobani.

Katibu amekuingiza kundini.

Chini yake pakaandikwa: Karibu, wa mapazia. Najua umetusikia.