Nyasi za Ndama za Mzee Lemein

Mimi ni Soila, kifungua mimba wa marehemu, familia imenituma nisome wasifu wake, na nitasoma yote, hata yale ambayo meneja wa kambi, aliyeketi pale mbele na shada lake la maua, angependa niyaruke.

Baba, Mzee Lemein Parmuat, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Kisaju, akasoma Isinya hadi darasa la nne, akaacha kwa kuwa ng'ombe walihitaji mtu, akauza mifugo Kiserian kwa miaka mingi, na tarehe 12 Desemba 1970 akamuoa mama yetu Seleyian, wakajaliwa watoto watano.

Mwaka 1997 walikuja watu wa kambi ya watalii iliyojiita Ardhi Mpya, kana kwamba yetu ilikuwa imeoza, wakaona olopololi, malisho ambayo Baba aliyafunga mvua zote ili ndama wayale kiangazi, wakadhani hayana kazi, wakayakodi kwa miaka kumi wakiahidi kwamba kiangazi ndama wataingia, wakazungushia ua, wakamvika Baba sare ya askari, kisha wakasimamisha kibao kwamba nyasi hizo wamezifufua wao. Wageni walikuja kupanda miche, wakapigana picha, wakarudi kwao wakiwa wameiponya Afrika, na miche ikakauka kabla hawajafika uwanja wa ndege.

Kiangazi cha mwaka 2000 Baba aliamriwa awafukuze ndama wa mama, eti wageni wanataka kuona pundamilia, na tisa walipokufa nje ya ua aliwafungulia lango waliobaki, akafutwa kazi kwa barua iliyosema ameharibu mazingira, barua ya mtu aliyekuwa ameijua Kajiado kwa miezi miwili. Iliniuma, na bado inaniuma.

Alianza kuugua kifua Januari 2007, mkataba ukaisha Oktoba na kambi haikutoka, akatuacha tarehe 9 Agosti 2008 hospitalini Kajiado, na siku ya pili kambi ikatuma ombi kwamba tumzike nyuma ya kilima, kaburi lisiwaharibie wageni mandhari.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulisha wiki nzima, na walinzi wenzake wa zamani pale kambini, hasa Maweu, aliyewapitisha wachimba kaburi langoni asubuhi ya leo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kaburi liko katikati ya olopololi, na meneja anakaribishwa aje aone mandhari. Pumzika, Baba, tukishafukia ndama wanaingia.