Aliyelilisha Tumbo la Mtaa

Wasikilizaji wapendwa, mitaa ya nyuma ya soko iko gizani. Iko gizani kwa sababu aliyeiwashia taa tumemzika jana.

Watu walimwita Maganda. Walianza kwa dhihaka: fundi umeme mzima, mwanamke na akili zake, anapita mlango kwa mlango akikusanya ndoo za maganda ya viazi na wali uliochacha.

"Maganda, leo umekula nini?"

"Ulichowanyima wanao!"

Hakukubali kulala na deni la maneno.

Mabaki hayo aliyamimina kwenye tangi la saruji alilolifukia uani kwake. Yakioza humo, yanatoa gesi. Gesi inaendesha jenereta. Jenereta inawasha taa. Narudia: uchafu wa jikoni kwenu ndio uliowasha taa zenu. Tangi aliliita Tumbo. Asubuhi aligonga kifuniko, akatega sikio, akamwambia kaka yake, "Tumbo limeamka vizuri. Linabeua."

Ombi lake lilikuwa moja. Msitie dawa ya chooni kwenye ndoo. Dawa inaua vijidudu vinavyoozesha chakula, na vikifa, Tumbo limekufa. Watu waliitikia, "Tumesikia, fundi." Halafu mgeni akabisha hodi, ndoo inanuka, aibu ikawashika. Wakamwaga dawa. Kidogo tu. Kila nyumba, kidogo tu.

Mwezi huu Tumbo lilikufa. Taa zikazimika. Ilibidi likombwe, lioshwe, lilishwe upya. Kwa kawaida aliacha kifuniko wazi siku kadhaa, hewa ya sumu itoke, ndipo ashuke. Safari hii ua ulijaa watu.

"Nyama yangu inaoza kwenye friji, wewe unasubiri upepo?" jirani mmoja alimfokea.

Kaka yake ndiye aliyeshika kamba. Ametuambia hivi: "Nilimwambia, dada, subiri hata kesho. Akacheka. Akasema, 'Kaka, gesi nitaiweza. Hawa watanitafuna.' Akashuka. Nikamsikia anakwangua. Kisha sikusikia kitu. Nikavuta kamba. Alikuwa mzito. Dada yangu hakuwa mzito vile."

Aliuawa na hewa ya tangi, wasikilizaji wapendwa. Na tangi liliuawa na dawa yetu.

Kwa kaka yake, pole. Kwa mama yao, ambaye leo asubuhi bado ameiweka ndoo yake mlangoni, akingoja mtu wa kuichukua, pole sana, mama. Na wewe unayenisikiliza, simama uitazame ndoo yako. Jiulize uliimiminia nini, na ulikuwa unamficha nani harufu.

Kabla sijaingia studio, viongozi wa mtaa walinipigia simu. Wanataka niseme ilikuwa ajali, basi. Dawa nisiitaje. Nikiitaja, niwaombe wakazi radhi papa hapa hewani.

Nimeitaja. Siombi radhi.