Pan Shuigen na Nusu ya Ngumi ya Yangeyange

Ndugu wa ukoo wa Pan, majirani, na nyote mliopanda mlima na mvua hii, mimi ni Qiulan, binti wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia, na wenye kununa leo wanune tu.

Marehemu Pan Shuigen alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Shikeng, mkoani Fujian, akamaliza shule ya msingi mwaka 1950, kisha akashika kazi ya kukaanga majani ya chai hadi macho yalipomkataa. Mwaka 1956 alimpigia magoti mwalimu wa ngumi ya yangeyange, mchezo wa kupigana unaoiga ndege huyo, na kumpa kikombe cha chai ili apokelewe kuwa mwanafunzi, pamoja na Pan Laiwang, jirani yetu wa ukuta mmoja, na kwa desturi wanafunzi wa kikombe ndio pekee huambiwa asili ya kweli ya ngumi hii. Sisi wengine tulisimuliwa kuwa aliyeianzisha ni mtawa wa kike aliyefundishwa na yangeyange mashambani mwa mpunga, lakini wao waliambiwa ni askari mtoro, aliyejificha kwenye banda la chai akamfundisha mkewe, maana hakuwa na mwingine wa kufanya naye mazoezi, na ndiyo sababu mchezo wa mwisho ni wa watu wawili.

Mwaka 1961 alimwoa mama yetu, He Sumei, wakajaliwa kaka yangu Jianxin na mimi.

Mwaka 1987 wazee walitaka kumjengea mtawa hekalu, wakawaita wawili hao waape mbele ya ubani kwamba hadithi ya mtawa ni ya kweli, Baba akakataa, akasema habari zote za yule askari hadharani. Laiwang akamjibu, “Kaka, mtoro hajengewi hekalu!” akaapa, na wanafunzi wote wakamfuata. Tangu hapo hawakusemezana.

Mama alipofariki mwaka 1994, Baba alibaki mpweke, tusipambe maneno. Kila alfajiri alicheza nusu yake ya mchezo ule wa wawili uani, akisimama pale ambapo mkono wa Laiwang ulipaswa kuja, nasi tukisikia miguu ya Laiwang ng'ambo ya ukuta ikicheza nusu ya pili. Jamani, ukuta wenyewe haunifikii kichwani! Lakini hakuna aliyemwita mwenzake.

Mwaka 2017 mapafu yalianza kumsumbua, akafariki tarehe 2 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliotuletea uji, na wenzake wa kiwanda cha chai. Tunamshukuru pia Baba mdogo Laiwang, aliyeingia uani kwetu jana, akasimama mbele ya jeneza na kucheza nusu yake mpaka mwisho, akingoja kila mahali ambapo mkono wa Baba ungekuja, halafu akabaki amenyoosha mkono, akasema, “Kaka, zamu yako.”

Pumzika, Baba, yeye ndiye aliyeanza kukuita.