Somo la Bibi Masouda

Mwishoni mwa mwaka 1970, teksi ilipotoka Matrah kwenda Maskati, huko Omani, tulikuwa abiria watatu, sote tumetoka Unguja. Bibi Masouda alikuwa anakwenda kuomba kazi ya ualimu. Mzee Suud, ambaye ndiyo kwanza akutane naye, alimuuliza alikuwa akisomesha nini huko.

“Historia. Hata ya Marekani, namna watu walivyomkataa mfalme wakajiandikia sheria.”

Dereva akapandisha kioo, kana kwamba majabali nayo yanasikiliza.

“Hayo usiyaseme hapa kwa Sultani, mwalimu,” alisema Mzee Suud. “Waliotupindua kule Unguja walisomeshwa hayo hayo.”

“Mmoja nilimsomesha mimi,” alijibu taratibu. “Alikuja na wenzake kumchukua baba yangu, siku za mapinduzi. Walipotaka kumpiga risasi uani, kijana huyo akasimama mbele yake. Akawaambia, mtu hauawi kabla ya kuhukumiwa, mwalimu katufundisha.”

“Wakamsikiliza?”

“Waliwaua wote wawili.”

Mzee Suud akamgeukia. “Basi somo hilo limefaa nini?”

“Baba hakufa peke yake. Nnataka kulisomesha tena.”

Teksi ilisimama penye lango la mji. Bibi Masouda alishuka, akauliza skuli iko upande gani. Mzee Suud akamwonyesha kwa kidole.